Mapenzi Yanayomdhuru Mbwa: Namna ya Kuyagundua na Kuyarekebisha

Nikimuuliza mwenye mbwa anamlisha nini, jibu la kwanza huwa lile la kwenye bakuli. Tukiendelea kuzungumza ndipo hutoka la pili: kipande cha mkate asubuhi, mabaki ya sahani za watoto, na kitu kidogo usiku "kwa sababu alikuwa ananitazama". Wengi wa mbwa ninaowatibu hawakuteswa na mtu. Walionewa huruma bila kipimo.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ya kwanza ni ya wiki nzima, zilizobaki unaweza kuzianza leo.

Hatua ya 1: Andika kila kinachoingia mdomoni mwake

Bandika karatasi jikoni. Kila mtu wa nyumba hiyo, mtoto hata mgeni, aandike alichompa mbwa na kiasi chake. Usigombeze mtu, la sivyo wataacha kuandika na wataendelea kutoa.

Mwisho wa wiki jumlisha. Vitafunwa vyote kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya nishati anayoihitaji kwa siku, na kiasi hicho kitolewe kwenye chakula chake cha kawaida, si kuongezwa juu yake. Hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Hatua ya 2: Mpapase mbavu

Macho hudanganywa na manyoya, kwa hiyo tumia mkono. Funga ngumi yako upapase vifundo vyake kwa mkono wa pili, kisha linganisha na mbavu za mbwa: zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja: hapo ndipo unapopataka. Kisha geuza uguse upande wa ndani wa kiganja: mbavu zikijificha hivyo, amenenepa. Mtazame pia kutoka juu, kiuno kionekane nyuma ya mbavu.

Msiseme "ameshiba vizuri" mkaliacha hilo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador tangu wakiwa wadogo hadi kufa. Nusu yao walilishwa pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao wembamba waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Sijui dawa yoyote ninayoweza kumwandikia mbwa ikampa miaka miwili.

Basi pima chakula kwa mizani. Kikombe hujazwa kulingana na moyo wa anayejaza.

Hatua ya 3: Tenga vya jikoni visivyomfaa

Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, viwe vibichi, vimepikwa au vya unga. Ubaya wake ni kwamba dalili huweza kuchelewa siku kadhaa, kwa hiyo fizi zikipauka hakuna anayekumbuka mchuzi wa juzi. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Chokoleti nayo ni sumu, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo kali.

Soma lebo za chingamu isiyo na sukari, dawa ya meno na siagi ya karanga. Ukikuta zailitoli (kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari), au namba yake E967, viweke mbali kabisa: kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla, na inaweza kuangusha ini.

Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Itupe kwenye pipa lenye mfuniko, kwa sababu mbwa hajui kwamba umeamua kutompa.

Hatua ya 4: Funga kabati la dawa, na achana na chumvi

Mbwa anachechemea, mwenyewe anakata kidonge nusu "kama cha mtoto". Kipimo cha mtoto hakimhusu mbwa, maana mwili wake huishughulikia dawa kwa namna nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, parasetamoli huumiza ini na damu. Ukishampa, mwambie daktari wa mifugo ukweli wote, pamoja na saa, kwa sababu dawa salama ambayo angempa huenda isichanganyike na hiyo.

Dawa ya viroboto nayo hugawiwa kwa kukadiria: ya mbwa mkubwa inapakwa nusu kwa mdogo. Nunua inayolingana na uzito wake.

Na mbwa akila sumu, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Sodiamu ikipanda kwenye damu ubongo huathirika, na degedege na kifo vinaweza kuletwa na chumvi yenyewe. Akiwa amekunywa mafuta ya taa au asidi, kutapika huunguza koo mara ya pili au huingiza sumu mapafuni. Chukua chombo cha kilichomdhuru, piga simu kwa daktari, ondokeni.

Hatua ya 5: Punguza usafi

Sabuni na shampuu za watu hazikutengenezwa kwa ngozi yake. Akiogeshwa mara kwa mara, mafuta ya ngozi huisha, anaanza kujikuna, mwenyewe anaona "ana uchafu", anamwogesha tena. Mwogeshe akichafuka au akinuka, kwa shampuu ya mbwa.

Vijiti vya pamba visiingie sikioni. Njia ya sikio lake imepinda kama herufi L, na kijiti husukuma nta hadi kwenye kona.

Hatua ya 6: Mwache nyumbani kukiwa na jua kali

Kumchukua kwenye gari ili asibaki mpweke ni wema hadi unapoegesha. Sehemu kubwa ya joto hupanda ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha dirisha wazi kidogo hakubadilishi mengi. Akihema sana na kuyumba, mtoe, mmwagie maji ya baridi na umpepee kabla hata ya safari ya kwa daktari. Usimfunike taulo bichi ukaliacha, linazuia joto kutoka.

Hatua ya 7: Usimfungie mtoto wa mbwa hadi chanjo ziishe

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo anayozoea dunia. Akifichwa mpaka wiki ya 16, mara nyingi hukua na woga. Ila kirusi cha parvo, kinacholeta kuhara kunakoua watoto wa mbwa, hudumu udongoni kwa miezi, kwa hiyo asiwekwe chini mahali wanapopita mbwa usiowajua. Mbebe mikononi, asikie magari, aone watoto na watu wenye kofia, na acheze na mbwa wazima waliochanjwa unaowafahamu.