Takwimu za tovuti kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi: kitu cha kuhesabu na namna ya kukihesabu

Mfanyabiashara anayetaka tovuti yake imsaidie kuuza anahitaji jibu la swali moja kabla ya mengine yote: kati ya watu walioingia, ni wangapi walituandikia au kutupigia simu, na walitokea wapi? Idadi ya wageni hupendeza machoni, lakini peke yake haimwambii mtu aongeze bidhaa gani wala aache gharama ipi.

Ukitumia Google Analytics, programu ya Google inayohesabu wageni wa tovuti, rekebisha mambo mawili siku ile ile unapoiweka. La kwanza ni saa. Nchi yetu, Kongo, ina majira mawili ya saa, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiacha saa ya Kinshasa, wageni wa saa mbili asubuhi wataandikwa saa moja, nawe utakosea kupanga nani akae karibu na simu na wakati gani. La pili ni muda wa kuhifadhi data, ambao kwa kawaida huwa miezi 2. Upandishe hadi miezi 14, maana bila hivyo hutaweza kuchunguza kwa undani Septemba hii ukiilinganisha na Septemba iliyopita. Saa mpya haibadilishi rekodi za nyuma, na data iliyokwisha kufutwa hairudi, kwa hiyo kuchelewa kuna hasara.

Sasa tuje kwenye kiini. Tuchukue duka la vipuri vya malori linalohudumia madereva na mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mteja wa duka hilo halipii gaboksi kwenye tovuti. Hutazama picha, hulinganisha namba ya kipuri na ile iliyochongwa kwenye chuma alichoshika mkononi, kisha hubonyeza kitufe cha WhatsApp aulize bei na kama kipuri kipo. Kubonyeza huko ndiko kunakostahili kuhesabiwa. Google Analytics hunasa yenyewe mibonyezo ya viungo vinavyompeleka mgeni nje ya tovuti, na kiungo cha WhatsApp kinachoanza na wa.me ni mojawapo; kazi yako ni kuunda tukio jipya (tukio ni kitendo cha mgeni ambacho programu hukiandika) linalochukua mibonyezo ya wa.me pekee, ulipe jina unaloelewa, kwa mfano ombi_whatsapp, kisha ulitie alama ya tukio muhimu. Kitufe cha kupiga simu hakinaswi hivyo, kwa hiyo mwombe aliyekutengenezea tovuti akiwekee tukio lake. Baadaye bonyeza vitufe vyote viwili kwa simu yako, na uthibitishe kwenye ripoti ya wakati huo huo kwamba vimeonekana.

Swali la wageni walitokea wapi lina mtego ambao huku kwetu ni mkubwa kuliko kwingine. Biashara zetu huenea kwa WhatsApp, na mtu anayefungua kiungo alichotumiwa humo mara nyingi huandikwa kama aliyekuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani yako mwenyewe. Dawa yake ni kuongeza alama mwishoni mwa kila kiungo unachotuma, kwa mfano ?utm_source=whatsapp&utm_medium=kikundi&utm_campaign=breki. Tumia herufi ndogo siku zote, kwa sababu WhatsApp na whatsapp zitahesabiwa kama vyanzo viwili. Kikundi cha mafundi kipewe alama yake na stetasi zako ziwe na yake. Baada ya mwezi utaona ni kipi kilicholeta maombi, na hapo ndipo nguvu zako ziende.

Ripoti ya miji isomwe kwa tahadhari. Programu hukadiria mji kwa anwani ya intaneti ya mgeni, na anayetumia mega, yaani intaneti ya simu, anaweza kuonekana Kinshasa ilhali yuko karakana ya Kamalondo hapa Lubumbashi. Usilipie matangazo kwa kutegemea ripoti hiyo peke yake. Daftari lako la mauzo lenye safu ya mahali mzigo ulikopelekwa lina ukweli zaidi.

Google Search Console nayo haina malipo, na huonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google kabla ya kuiona tovuti yako. Ukikuta wengi wanatafuta kipuri kwa jina la Kifaransa wakati ukurasa wako unalo la Kiingereza tu, andika yote mawili.

Baada ya wiki nne, weka kurasa mbili pamoja. Tuseme ukurasa wa gaboksi ulitazamwa na watu 200 na ukaleta maombi 3, na ule wa breki ulitazamwa na watu 40 ukaleta 9. Ningeanza na gaboksi, kwa kuwa watu tayari wanafika ila kitu fulani kinawazuia. Ufungue kwa simu ya bei nafuu, kwa mega, nje ya duka: picha inachukua muda gani kutokea, namba ya kipuri inasomeka, kitufe kinaonekana bila kushuka chini sana? Badilisha kitu kimoja, uandike tarehe kwenye daftari, na usubiri wiki nne nyingine. Maombi yakitoka 3 hadi 5 usiamue bado, kwani tofauti ndogo hivyo huweza kuletwa na mteja mmoja aliyebonyeza mara mbili. Yakifika 15, fanya vivyo hivyo kwenye kurasa zinazobaki.