Namna ya kukifufua kile kipikipiki cha 50 cc cha enzi zetu, kwa sisi wa Mbeya na nyanda za juu

Kama ulikulia Mbeya miaka ya 90 utakuwa unaikumbuka hii. Asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umekaa Uyole mpaka saa tatu, alafu kinapita kipikipiki cha 50 cc kinalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, kinaacha moshi wa bluu ambao hata haupandi juu kwa sababu ya baridi, unabaki pale pale barabarani na we unatembea ndani yake kuelekea shule. Baba mdogo alikuwa bwana shamba na alikuwa na Yamaha DT50. Niko kidato cha pili ndo nikafundishwa gia, na siku akienda semina nilikuwa "nakipasha moto" mpaka Igawilo na kurudi.

Miaka imepita, boda zimejaa kila kona, nzuri tu sikatai, ila zote zina sauti moja. Kwa hiyo nikaamua kutafuta kile kile, nikakipata kibovu, nikakifufua, na hapa naelekeza jinsi nilivyofanya. Mi sio fundi wa kusomea, nimejifunza kwa kuharibu.

Kwanza kukipata. Usihangaike na maduka. Hivi vitu havikuja hapa kwa sababu ya vijana kama ilivyokuwa Uingereza, kule mwaka 1971 sheria ilibana wa miaka 16 wasiendeshe zaidi ya 50 cc na lazima iwe na pedeli kama baiskeli, viwanda navyo vikatengeneza 50 cc ya kimichezo yenye pedeli za kuzugia, Yamaha FS1-E ikaingia 1973 na mpaka leo wazee wa kule wanailia kama mchumba wa kwanza. Hapa kwetu vilikuja na misheni, miradi, mashamba ya chai, mabwana shamba, waalimu. Kwa hiyo katafute huko: nyuma ya nyumba za wastaafu Rungwe, Mufindi, Njombe, chini ya mgomba, kwenye banda la kuku. Na usiende na hela mkononi kama mnunuzi wa parachichi. Mimi nilikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu upande wa Kiwira, shikamoo mwalimu, marahaba karibu, tukaongelea mvua, kahawa, watoto, siku ya kwanza hata sikukitaja. Siku ya pili nikasema mwalimu naona kile kipikipiki kimechoka. Akasema hakiuzwi. Siku ya tatu akasema kinauzwa ila kuna kuku kaatamia kwenye siti, nisubiri atotoe. Nikasubiri wiki tatu, sitanii.

Kabla hujalipa angalia mambo mawili tu. La kwanza kadi, namba ya fremu na ya injini zifanane na zilizoandikwa, na aliyeandikwa kwenye kadi awepo au warithi wawepo na wawe wamekubaliana, la sivyo utafufua mali ya watu. La pili kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya injini, chomoa plagi, weka gia ya juu kabisa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono taratibu. Likizunguka na unasikia pistoni inapumua pale kwenye tundu la plagi, safi. Likigoma usikate tamaa ila punguza bei. Rangi, siti, taa, hivyo hata usivitazame. Watu wengi wanaanza na rangi, wanapaka, wanabandika stika, alafu injini haiwaki na hamu inaishia hapo. Wewe ulikimisi kikiwaka, kwa hiyo kiwashe kwanza, uzuri utakuja siku ukipata hela.

Sasa umekifikisha nyumbani. USIPIGE KIKI. Najua mkono, sorry mguu, unawasha, ila ndani kuna kutu na ringi za pistoni zimegandia, ukipiga kiki kwa nguvu unachana silinda. Chomoa plagi, mimina oili ya tu-stroki (ile inayoungua pamoja na petroli, ndo inayolainisha pistoni za injini hizi) kama vijiko viwili, acha ilale usiku mzima, kesho zungusha tena kwa tairi mbele na nyuma kidogo kidogo. Chungulia na ekzosi. Yangu ilikuwa na kiota cha manyigu halisi, udongo umejaa mpaka kwenye shingo.

Tangi likiwa na kutu tia nati na bolti ndogo ndogo kama ngumi moja, maji na sabuni ya unga, ziba, tikisa mpaka mabega yaume, mwaga, kisha siki ilale siku nzima, suuza, kausha juani na papo hapo suuza tena na petroli yenye oili maana kutu inarudi ndani ya saa chache. Koki ya mafuta chini ya tangi ifungue pia, ile chujio ya ndani huwa imeoza.

Moto. Vya zamani zaidi vina plati, yaani vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, vya baadaye vina CDI, kazi ile ile ila kwa elektroniki. Kama ni plati zisugue kwa msasa laini, na pengo lake liwe kati ya 0.3 na 0.4 mm. Huna fila geji, vile vibati vya kupimia pengo? Wembe wa kawaida una unene wa kama 0.1 mm, panga nyembe tatu au nne (angalia vidole). Plagi pengo ni 0.6 au 0.7. Na kitu kimoja kinachosumbua watu, vingi vya zamani ni volti 6, boda ni volti 12, kwa hiyo ukinunua balbu ya boda ukaweka itawaka kama kibatari utadhani jenereta imekufa kumbe balbu tu.

Kabureta ndo roho ya huu mchezo. Fungua yote, petroli ya miaka kumi inakuwa kama utomvu. Jeti, vile vipande vya shaba vinavyopimia petroli, zina vitundu vidogo mno, usipitishe waya, waya unakwangua tundu linakuwa kubwa na hapo umeshaharibu vipimo. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki au njiti laini ya ufagio, alafu pulizia na upepo wa kwa fundi tairi. Jeti ndogo ya mwendo wa polepole ndo inazibaga zaidi, inue juani uone mwanga unapita.

Alafu kuna suala la mwinuko, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hata mafundi wazuri wanalipuuza. Sisi Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Njombe ni zaidi, na ukipanda Isongole unazidi. Kila ukipanda mita 300 hewa inapungua kama asilimia 3, lakini kabureta haijui, inaendelea kumwaga petroli ile ile. Kinachotokea kipikipiki kinakuwa kizito, kinakohoa, plagi nyeusi imelowa, unabadilisha plagi kila wiki unadhani ni feki. Dawa ni jeti kuu ndogo kidogo, kama iliyomo imeandikwa 90 jaribu 85, shuka hatua moja moja. Au kama jeti hupati, ile sindano ya kabureta ina kiklipu, kipandishe pengo moja, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Endesha kilomita kadhaa gia ya juu, zima ghafla, chomoa plagi uisome. Nyeusi imelowa, mafuta mengi. Nyeupe, mafuta machache, hatari. Unataka rangi ya karanga iliyokaangwa.

Sasa sikia. Mwaka 1996 fundi mmoja alimwekea baba mdogo jeti ndogo, kipikipiki kikawa kitamu hakijawahi kuwa kitamu vile, mi nikakichukua bila ruhusa na rafiki yangu nyuma tukasema twende tukaone Ziwa Nyasa pale Matema. Tukatelemka Tukuyu, tukatelemka tena, joto linaongezeka, hewa inazidi kuwa nzito, Kyela iko kama mita 500 tu, kwa hiyo jeti iliyokuwa sawa juu sasa ni ndogo mno, na petroli ikiwa chache injini inachemka, na kama oili umeichanganya humo humo nayo inakuwa chache maana zinasafiri pamoja. Tumefika tambarare nimelala kwenye tangi akselereta yote, nikasikia mlio unapanda kama kengele, alafu kama mtu kashika breki, tairi la nyuma likafunga. Sikujua kushika klachi. Rafiki yangu mpaka leo ana kovu la kiwiko na anapenda kuwaonyesha watoto wangu. Tulisukuma, tukapakia kwenye fuso la mchele, na yaliyonikuta nyumbani sio ya kuandika hapa.

Kwa hiyo ile jeti kubwa ya mwanzo usiitupe, mi naifunga kwenye kiplastiki naiweka chini ya siti, nikiwa nashuka Kyela nabadilisha Tukuyu, dakika kumi tu na bisibisi. Na ukisikia ule mlio wa kengele shika klachi SAA HIYO HIYO.

Kushuka nako kuna siri yake. Mteremko mrefu kama ule wa Isongole kuja Kiwira, ukifunga akselereta na gia imeingia injini inazunguka kwa kasi lakini petroli haiingii, na oili haiingii. Hata chenye pampu ya oili, pampu inafuata kamba ya akselereta kwa hiyo inatoa matone tu. Kila baada ya muda shika klachi, pulizia akselereta kidogo, achia. Tulikuwa tunawaona wazee wanafanya "vruu vruu" mteremkoni tukadhani wanaringa.

Oili yenyewe. Pampu iliyolala miaka usiiamini, tangi la kwanza na la pili changanya mwenyewe hata kama pampu ipo. Mi natumia 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita moja, nanunua bomba la sindano la 20 ml duka la dawa za mifugo, bomba mbili kila lita, kwisha. Oili ya tu-stroki mjini wanakuambia haipo, nenda wanapouza vifaa vya chenso, Mafinga kwa sababu ya msitu wa Sao Hill ipo kama maji, na hapa Mwanjelwa ukiulizia oili ya chenso unapata. Usiweke oili ya boda, haichomeki vizuri, inaacha masizi. Gia zina oili yake chini, hiyo ndo ya kawaida, usichanganye mambo.

Kama ringi zimekwisha, chukua ringi moja ivike ndani ya silinda peke yake, pima pengo lake kwa nyembe zako. Mbili tatu sawa. Zaidi ya tano, badilisha. Ringi za tu-stroki zina kipini chake kwenye pistoni, mdomo wa ringi lazima ukae hapo, ukilazimisha inavunjika na kuingia kwenye matundu ya silinda. Pistoni ya DT50 ni 40 mm, nenda na ile ya zamani mkononi, usiende na maelezo.

Ekzosi ichome kwenye moto wa mkaa masizi yatoke, kisha gongagonga. Ila usiitoboe! Sisi tulitoboa na msumari tukidhani kitakimbia, kikapiga kelele mpaka mchungaji akaja nyumbani, na spidi ikapungua. Lile tumbo la ekzosi lina kazi, linarudisha wimbi la presha linaloisukuma petroli mbichi irudi ndani kabla tundu halijafunga. Ukitoboa unamwaga nguvu hewani.

Haya sasa piga kiki. Choki juu, akselereta usiguse, kiki tatu nne za kulegea kisha moja ya ukweli. Moshi mwingi mwanzoni ni kawaida, ile oili uliyomimina inaungua. Kikiwaka alafu kikapanda chenyewe juu juu bila kushuka, zima, kuna mahali kinavuta hewa, angalia gasketi ya kabureta na oil sili za kranki. Moshi ukibaki mweupe siku zote na oili ya gia inapungua, ni sili ya upande wa klachi. Tairi na breki usiweke za zamani hata kama zina meno, mpira wa miaka ishirini ni jiwe, na uvae helmeti, sasa hivi kuna malori ya Tunduma ambayo enzi zetu hayakuwepo kwa wingi huu.

Na mke usimpakie kupanda Isongole. Nilijaribu, tulifika nusu akashuka mwenyewe akatembea, akanipita.

Mwisho ukifika nyumbani funga koki ya mafuta, kila siku, la sivyo petroli inashuka usiku inajaa kwenye kranki na asubuhi plagi inaogelea. Mi nalaza changu koridoni. Juzi nikasahau, saa kumi na moja alfajiri naamshwa, nani kamwaga petroli humu ndani, nikajibu nikiwa bado na usingizi, ni kuku.