Namna ya Kuepuka Makosa ya Rubani Wakati wa Kutua kwa Ndege Ndogo

Makosa mengi ya kutua huanza kabla magurudumu hayajagusa ardhi, na mzizi wake mara nyingi ni kasi. Kwa ndege nyingi ndogo, kasi ya kukaribia uwanja ni takriban mara 1.3 ya ile ambayo chini yake mabawa hushindwa kuibeba ndege. Rubani anayejiongezea asilimia 10 akidhani anajilinda huhitaji takriban asilimia 21 zaidi ya umbali wa kusimama, kwa kuwa nishati ya ndege hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Fuata basi kasi iliyoandikwa katika kitabu cha ndege yako, na ufikapo futi 500 juu ya uwanja hakikisha kwamba umenyooka na njia ya kutua, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia ndege kuruka polepole) ziko tayari na kasi imetulia. Ikiwa hata kimoja kimekosekana, paa tena.

Kona ya mwisho, ile ya kuigeukia njia ya kutua, ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Aliyepitiliza mstari wa njia hushawishika kuilaza ndege zaidi na kuikokota pua kwa pedali, ilhali ndege iliyolazwa nyuzi 60 bila kushuka huhitaji kasi kubwa zaidi kwa asilimia 41 ili mabawa yaendelee kuibeba, na pale chini hakuna kimo cha kujiokoa. Usiilazimishe kona hiyo.

Ukiwa juu ya njia, tazama mbali kuelekea mwisho wake, kisha inua pua taratibu ili magurudumu makuu yatangulie. Ndege ikidunda, usisukume pua chini, maana mdundo wa pili huwa mkali kuliko wa kwanza, na gurudumu la mbele pamoja na rafadha huweza kuvunjika. Mdundo mdogo hutulizwa kwa kushikilia pua na kuongeza nguvu kidogo. Mkubwa hauna dawa ila kupaa tena.

Kupaa tena nako kunahitaji mazoezi na mwalimu, kwa sababu nguvu zote za injini zikifunguliwa ghafla, pua hutaka kuinuka kupita kiasi na kugeukia upande. Izuie kwa usukani na pedali, subiri kasi ijengeke, kisha punguza flapu hatua kwa hatua, kamwe si kwa mkupuo mmoja. Mnara wa kuongozea ndege utaarifiwa baada ya ndege kuanza kupanda.