Kurekebisha mguso wa simuleta ya upasuaji: kuanzia mezani hadi ncha ya sindano

Tunazungumzia mkono mdogo wa mashine wa mezani wenye kalamu, aina ya Touch, unaosukuma vidole vya anayeishika kalamu kana kwamba amegusa kitu, pamoja na CHAI3D, programu ya bure ya kuhesabu nguvu hiyo na kuchora picha. Mkono huu husukuma hadi 3.3 N (N ni newtoni, kipimo cha nguvu), na hauwezi kukupa hisia ya kusokota. Kwa sindano unatosha. Kwa skrubu za mfupa usiutegemee.

1. Meza na umeme. Tumia meza nzito isiyoyumba. Hapa Goma umeme hukatika bila hodi, kwa hiyo weka kompyuta na mkono wote kwenye betri ya akiba, si kompyuta peke yake. Mkono ukikosa umeme huanguka. Umeme ukirudi, ingiza kalamu kwenye kishimo chake kwanza, ndipo ufungue programu.

2. Kasi. Hesabu ya nguvu iende mara 1,000 kwa sekunde, kando kabisa na uchoraji wa picha, ambao mara 90 zinautosha. Mkono wa mtu ukienda mm 200 kwa sekunde, kwa mara 90 sindano inasogea zaidi ya mm 2 kabla nguvu haijabadilika. Nguvu inachelewa, inasukuma kupita kiasi, na kalamu inaanza kunguruma kama nyuki chupani.

3. Ugumu. Anza na 0.1 N kwa kila mm. Ongeza 0.05 kila mara hadi kalamu itetemeke, kisha punguza theluthi moja. Jaribu ukiwa umeishika kwa vidole vilivyolegea, maana mkono ulioibana huficha mtetemo. Usihangaike kutafuta ugumu wa mfupa halisi: kwa 0.5 N kwa mm, nguvu zote zimekwisha ukizama mm 6.6. Afadhali sindano ya kwenye picha ibaki juu ya mfupa hata kama kalamu imezama. Jicho litaudanganya mkono.

4. Kutoboa. Nguvu ipande hadi kikomo, tuseme 1.5 N kwa kuanzia, halafu ishuke ghafla na kubaki msuguano tu. Kosa linalorudiwa sana: programu haiweki alama kwamba ngozi imeshatobolewa. Mwanafunzi akichomoa, ngozi inahesabiwa nzima na kumrusha mkono. Hifadhi tundu na mwelekeo wake. Pembeni kuwe kugumu, kwenye tundu kuwe na msuguano peke yake.

5. Kupima. Ndani ya programu, tengeneza sakafu yenye ugumu wa 0.2 N kwa mm. Weka kalamu juu yake, andika kimo. Vuta maji kwa bomba la sindano la ml 20 mara tano, yatie kwenye kifuko chepesi na ukining'inize kwenye kalamu. Gramu 100 zinapaswa kuizamisha karibu mm 5. Ikizama mm 8, kagua vipimo: huenda ukubwa wa nafasi ya kwenye picha, ambamo sindano inasogea, umebadilishwa na ugumu haukufuata. Ikiwa mkono umetumika muda mrefu, acha mota zipoe kwanza.

6. Ulinganisho. Nunua nyama ya nguruwe yenye ngozi huko Birere, hapa Goma. Daktari avae glavu, achome nyama, kisha simuleta, kwa zamu. Akisema tu "ni ngumu," muulize wapi. Mwanzoni: punguza ugumu. Inapopasuka: shusha kikomo. Baada ya hapo: punguza msuguano. Badilisha kimoja tu, kisha arudie.