Kuvuna chumvi ya bahari kwa jua: kutoka lango la maji hadi kwenye lundo

Utaratibu huu ni wa majaruba (vidimbwi vifupi vya kukaushia maji) ya chumvi ya mwambao wetu, yanayoendeshwa kwa bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) na jua. Anza masika yakishakatika.

1. Eneo. Tafuta uwanda mtupu wa mfinyanzi nyuma ya mikoko, unaofikiwa na bamvua tu. Finyanga udongo uwe kamba nene kama kidole. Ikipindika bila kukatika, unafaa. Mikoko usiikate. Mizizi ikioza ardhini huacha mirija inayovujisha maji, na tope lake likikauka hutoa tindikali.

2. Majaruba. Chimba bwawa la akiba (kina nusu mita), majaruba ya kukolezea (sentimita 15) na ya kuvunia (sentimita 5 hadi 8). Eneo la kukolezea liwe kama mara 10 ya eneo la kuvunia, kwa sababu maji ya bahari hupungua hadi sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ianze kuganda. Sakafu ya kuvunia ishindilie ingali na unyevu, mpaka unyayo usiache alama.

3. Kujaza. Fungua lango la bwawa la akiba bamvua ikijaa, funga kabla maji hayajaanza kutoka. Yaache siku 2 au 3 tope lituame, kisha yapeleke kwenye majaruba ya kukolezea.

4. Kukoleza. Hapa ndipo wengi huharibu. Nunua kipimo cha Baumé, chombo kinachoelea majini na kuonyesha ukolevu wa chumvi kwa nyuzi. Maji ya bahari husoma nyuzi 3.5 hivi. Kuanzia kama 13 jasi (madini ya kalsiamu, si chumvi ya kula) huganda sakafuni. Iache ibaki huko. Yakifika 25, yahamishie kwenye jaruba la kuvunia. Ukiwahi, jasi itachanganyika na chumvi. Ukichelewa, chumvi itagandia njiani. Wanaotegemea yai kuelea kama dalili kuwa maji yamekolea hudanganyika: yai bichi huelea tangu nyuzi 10 hivi.

5. Mvua ikinyesha. Usikoroge, wala usikanyage jaruba. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Ondoa ubao mmoja wa juu langoni yamwagike yenyewe, upesi, kabla upepo haujayachanganya. Ndiyo maana lango la mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko bomba la chini.

6. Kuvuna. Vuna kabla maji hayajapita nyuzi 29. Yakizidi hapo, chumvi za magnesi huongezeka: ladha inakuwa chungu, na gunia halikauki kwa kuwa magnesi huvuta unyevu wa hewani. Mwaga maji yaliyobaki nje ya majaruba, usiyarudishe. Tumia reki ya mbao na uache tabaka la sentimita moja sakafuni. Chumvi ya kijivu ni ya mtu aliyekwangua hadi udongo. Ioshe kwa maji ya nyuzi 25, maana maji yasiyo na chumvi yataiyeyusha.

7. Kuchuja. Lundika juu ya jukwaa lenye mteremko, wiki moja au zaidi. Chumvi ya kula lazima itiwe madini joto, lakini subiri lundo liache kudondosha maji: ukinyunyizia chumvi mbichi, madini joto yatateremka na maji hadi chini ya gunia.