Hesabu pumzi kabla ya kufungua chati

Wauguzi wenzangu wa Lamu, hili nimefunzwa na sista wa zamu ya usiku: ukimfikia mgonjwa, hesabu pumzi zake dakika nzima, ndipo ufungue chati. Ukianza na chati, ile hesabu ya pumzi 18 aliyoandika mwenzako itakuvuta uandike 18 nyingine, na mgonjwa anazidiwa huku karatasi inasema yuko sawa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Zikipanda, mara nyingi ni dalili inayotangulia presha kushuka. Mshike mkono kama unayepima mapigo, maana akijua unamtazama kifua hubadilisha anavyopumua. Kwa aliyeshuka boti ya Faza sasa hivi, au mtoto anayelia, hesabu hiyo hudanganya, irudie akitulia. Aliyechomwa mofini, dawa kali ya maumivu, cha kuogopa ni pumzi kupungua.