Seti ya kadi za zamani za besiboli unaihesabuje?

Kabla hujatoa hela amua kwanza seti yako inaishia wapi, maana hapo ndo watu wanagombana. Chukua T206, vile vikadi vya wachezaji vilivyowekwa kwenye pakiti za sigara na tumbaku Marekani 1909 mpaka 1911, hata hilo jina hakulitoa mwenye kiwanda, alilitoa mkusanyaji kadi Jefferson Burdick kwenye katalogi yake miaka mingi baadae, T ni tumbaku.

Hazina namba, kwahiyo unahesabu kwa jina na picha. Wengi wanasema 524, ila humo kuna nne adimu za kutoa roho, za wachezaji Wagner, Plank, Doyle na Magie, wasiokuwa na mamilioni wanafunga hesabu kwenye 520 na mi naona ni sawa tu. Hiyo Magie ni Magee aliyekosewa spelingi, sasa jiulize, kila kosa la uchapaji utalihesabu kama kadi mpya? Halafu geuza nyuma, kuna matangazo ya chapa 16 tofauti za tumbaku, ukitaka kila mchezaji na kila tangazo utazeeka hujamaliza. Ile yenye tangazo la tumbaku iliyopewa jina la mchezaji Ty Cobb ndo kabisaa, kuna wanaoikubali kwenye seti na kuna wanaoikataa.

Seti ya kampuni ya Topps ya 1952 ni rahisi, namba 1 mpaka 407, ila 80 za kwanza zina maandishi ya nyuma mekundu au meusi, kwahiyo andika pembeni kama unataka zote mbili.

Na seti ya kampuni ya Goudey ya 1933 je? Namba 106, ya mchezaji Lajoie, ilichapwa 1934. Mi naihesabu.